Majirani wa viwanja vya shambani Kisongo: tuanze na barabara, maji au umeme?

Mjenzi wa Kisongo:

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa waliokwisha kupitia hili.

Tumenunua viwanja upande wa Kisongo, Arusha, ukishapita uwanja wa ndege unaingia ndani kabisa kutoka barabara ya Makuyuni. Lilikuwa shamba la mahindi la familia moja ya wenyeji, dalali akalikata vipande, kila mtu akapimiwa kwa hatua za miguu. Nyumba zenye watu hazijafika kumi, nyingine ziko kwenye msingi au linta, na viwanja vingi bado ni vichaka. Njia ni ya upana wa gari moja, na kuna kona ambayo fuso la mchanga likipita lazima likwaruze ukuta wa mtu. Kiangazi vumbi mpaka kwenye chai. Masika ule udongo mweusi unashika gurudumu, bodaboda wanatushusha kwenye mgunga, tunavua viatu na kutembea.

Maji tunanunua ya boza. Umeme, nguzo ya mwisho ipo mbali. Tumefungua kundi la WhatsApp la majirani na mpaka sasa limejaa salamu za asubuhi, picha za nyoka na ugomvi. Mmoja anataka kisima kwanza, mwingine umeme, mwingine anasema tujenge geti tuajiri mlinzi. Mimi naona barabara. Wenyeji waliobaki wako pembeni na maboma yao na ng'ombe wao, hawamo kwenye kundi.

Tuanze na nini? Kikundi tukisajili? Na hawa wenye viwanja walioko Dar na Mwanza, ambao hata tofali moja hawajaleta, mnawachangishaje?

Mpita Njia:

Uza uhamie Njiro, mjini, mkuu. Natania. Ila kundi la majirani ambalo mwenyekiti wa kitongoji hamo, hicho ni kijiwe.

Mweka Hazina, Maji ya Chai:

Pole ndugu yangu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha majirani huku Maji ya Chai, Meru. Nauza vifaa vya ujenzi, na nadhani cheo walinipa kwa sababu hiyo, walisema mama huyu hasahau deni. Nakueleza tulivyofanya, wewe chukua kinachokufaa.

Kwenye barabara umeona sawa. Bila barabara boza halifiki, mtambo wa kuchimba kisima haufiki, nguzo hazifiki, na mgonjwa wa usiku anabebwa mgongoni. Lakini msikimbilie greda. Anzeni na mipaka, kabla hamjakusanya hata shilingi.

Sisi tulipima upana wa njia mita sita kwa kamba na vigingi, mwenyekiti wa kitongoji yupo, kila mwenye kiwanja amesimama kwenye mpaka wake, na kila upande ukarudi nyuma. Hapo ndipo utawajua majirani zako. Kuna mtu atakupa mchango wa milioni bila kusita, lakini hatua mbili za ardhi yake hatoi. Bibi mmoja mwenyeji alikuwa na uzio wa michongoma iliyopandwa na marehemu mume wake, imeshonana hata kuku hapenyi. Vijana wawili wa kikundi walimwendea na karatasi ya kusaini, akawafungulia mbwa. Baadaye tulikwenda wanawake. Tukakaa jikoni kwake, tukamenya naye ndizi, barabara hatukuitaja mpaka alipouliza mwenyewe. Alichotaka ni michongoma ipandwe upya kwenye mpaka mpya kwa gharama ya kikundi, na miche ya mgrevilea juu yake. Basi. Uzio ulitoka wiki ileile.

Mbele yake palikuwa na makaburi mawili ya familia, karibu kabisa na njia. Pale barabara tuliikunja. Dereva mgeni akifika anauliza aliyeichora alikuwa amelewa nini. Aulize tu. Huwezi kumhamishia mtu kaburi la baba yake ili fuso lako lipite limenyooka, halafu kesho umwombe chumvi.

Tulipokubaliana tuliandika, kila mtu akasaini, karatasi ikaenda serikali ya kijiji, ikasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuingia kwenye muhtasari. Hili msiliruke, hata mkiambiwa linachelewesha. Kama eneo lenu bado ni ardhi ya kijiji, liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Mtu akiuza kiwanja kesho, na mnunuzi mpya akataka kusogeza ukuta mbele, anaonyeshwa muhtasari wenye mhuri. Faida nyingine, njia ikiwa kwenye kumbukumbu za kijiji diwani anapata mdomo wa kuiombea TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kichochoro cha watu binafsi nani atakipangia bajeti?

Fedha sasa. Changeni kwa kazi yenye jina. Mchango wa kalvati uende kwenye kalvati, wa moramu, ile changarawe ya barabara, kwenye moramu. Ukisema "mchango wa maendeleo" umeshaharibu, kila mtu atakuwa na maendeleo yake kichwani. Daftari langu lina safu mbili, fedha na nguvu kazi. Asiye na hela analeta mawe au anashika sururu, na siku yake inahesabiwa kwa bei ya kibarua ya hapa kijijini. Siwafichi, wenyeji wameijaza ile safu ya nguvu kazi vizuri kuliko sisi wahamiaji tulivyojaza ya fedha. Risiti ya kila tripu ya moramu napiga picha na kuitupia kwenye kundi siku hiyohiyo. Akaunti ni ya kikundi, waweka saini watatu, na hela haikai kwenye simu ya mtu, yangu ikiwemo.

Kusajili, ndiyo, sajilini. Andaeni katiba fupi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaongoza mpaka halmashauri ya wilaya. Ila msichanganye barabara na kukopeshana. Mkianza kukopeshana mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ina usajili wake na masharti yake, na siku mkopaji asiporudisha mtagombana mpaka moramu itasahaulika.

Yule wa kisima mwambieni avute pumzi. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu. Sisi huku tuko Bonde la Pangani, makao makuu yao yapo Moshi. Halafu kabla ya kuwaza pampu, wazeni floridi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Ukanda huu wa Meru unaujua kwa meno ya watoto, yale ya kahawia, na ikizidi sana miaka mingi inafika kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii kitu. Maji yanapungua, floridi inabaki palepale, kwa hiyo yanakuwa mabaya zaidi. Mkaa wa mifupa ya mifugo iliyochomwa unachuja, kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na hilo, lakini mkaa nao unachoka, lazima ubadilishwe, na mkishakuwa watu wengi kwenye kisima kimoja kila mmoja atadhani mwenzake amebadilisha. Pimeni maji ya kisima cha jirani aliyechimba karibu na kwenu kwanza, yatawapa picha.

Sisi tuliacha kisima. Tulikwenda kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji, hivi vilivyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tukaomba kuvutiwa bomba, mtaro tukachimba wenyewe. Ya kunywa na kupikia ni ya mvua. Kila nyumba ina gata na simtanki, na mvua ya kwanza tunaiacha ioshe bati ndipo tunarudisha bomba kwenye tanki.

Umeme sina mengi. Ulizieni tu kitongoji chenu kimeorodheshwa kama kijiji au kama mji, kwa sababu mwaka 2022 kuunganishiwa kijijini kulikuwa shilingi 27,000 na mjini 320,960, tena hiyo ni karibu na nguzo. Mmoja wenu aulize kabla hamjaanza kutupiana lawama.

Geti msiweke. Nasema kabisa, msiweke. Ng'ombe wa wenyeji walikuwa wanapita hapo kabla ya dalali. Mtu afike na mifugo yake jioni akute chuma na mlinzi anamuuliza anakwenda wapi? Usalama mnautafuta kwa kujuana. Kwetu wezi wa nondo walikamatwa na kijana mchunga mbuzi, aliona pikipiki asiyoijua.

Dereva Greda:

Mama kamaliza, naongeza la udongo tu. Huo mweusi wenu ukiumwagia moramu juujuu, masika moja itamezwa yote. Ondoeni kwanza udongo wa juu, mwage moramu kwa tabaka, mmwagie maji mshindilie, halafu tabaka jingine. Katikati barabara iwe na mgongo ili maji yashuke pembeni, na mitaro iwe na pa kumwaga. Mtaro usio na pa kumwaga unajaa na kurudisha maji barabarani. Tena angalieni unamwaga kwa nani. Nimeshaona majirani wamepigana mapanga kwa sababu ya kalvati lililoelekezwa kwenye shamba la maharage.

Msiniite Aprili. Niite Agosti au Septemba.

Mjenzi wa Kisongo:

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, na lile la geti nimelipeleka kwenye kundi, kumekucha. Dereva, asante sana. Bado nakwama kwa walioko mbali. Mmoja ameniambia wazi, "nikijenga ndipo nitachanga."

Mweka Hazina, Maji ya Chai:

Marahaba mwanangu. Huyo usimtishe, hamna mamlaka ya kumzuia kupita kwenye barabara ya kijiji, na ukimtishia atakuja na mwanasheria. Sisi tuliwafanyia hivi. Kiwanja kikiwa kichaka kinafuga nyoka na vibaka, mwenyewe analijua. Tukamwomba kwa maandishi aturuhusu tukikodishe kwa msimu, mwenyeji alime mahindi na maharage, kodi iingie kwenye daftari kama mchango wake. Wengi walikubali palepale, hawatoi hela mfukoni na kiwanja kinabaki safi. Karatasi iseme msimu mmoja tu, hakuna mazao ya kudumu, hakuna kujenga hata banda. Mwenyekiti wa kitongoji asaini kama shahidi. Na mlimaji mtafuteni kati ya wale waliouza hilo shamba, msilete mtu kutoka mjini. Anamkataa nani sasa?

Mchaga wa Uru:

Huku kwetu Moshi msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukitangazwa, nyumba ambayo haikutoa mtu inajulikana kabla ya saa nne asubuhi. Nashauri wekeni siku moja ya mwezi iwe ya kazi, hata kama kazi yenyewe ni kuzibua mtaro. Na chakula kiwepo. Makande tu yanatosha, ila yawepo, watu hawarudi mara ya pili kwenye kazi ya njaa.

Mpita Njia:

Makande yakiwepo hata mimi nakuja.

Mjenzi wa Kisongo:

Jumapili baada ya ibada naenda na mke wangu kwa mzee mwenye boma la kwanza pale kwenye mgunga, ndugu wa yule aliyeuza. Mwenyekiti wa kitongoji nimempigia, kasema vigingi hata yeye ameshavitamani, ameshaamua kesi za kuta mbili mwaka huu. Dereva, unakodisha kwa saa au kwa siku?

Dereva Greda:

Kwa siku, mafuta juu yenu. Wekeni vigingi kwanza, ukimaliza nitafute kwenye ujumbe wa faragha.