Naomba ushauri: jeshi la Goguryeo la mwaka 612

Ndugu wanachama, ninaandaa jeshi la Goguryeo, ufalme wa kale uliotawala kaskazini mwa Korea na sehemu ya Manchuria, kwa ajili ya mchezo wa mezani wa vita vya kihistoria. Nimekusudia kuigiza mapigano ya mto Salsu ya mwaka 612, ambapo jenerali Eulji Mundeok aliliangamiza jeshi la nasaba ya Sui ya China lilipokuwa likirudi nyuma, limechoka na kuishiwa chakula.

Kielelezo changu ni michoro ya ukutani ya kaburi namba 3 la Anak, katika Korea Kaskazini ya leo, la mwaka 357, inayoonyesha msafara wa wapanda farasi wenye mikuki mirefu, farasi wenyewe wakiwa wamevishwa deraya, pamoja na askari wa miguu wenye ngao, pinde na mashoka mabegani. Nimekwisha kupaka rangi vinyago vya farasi 12, na deraya hiyo ya vipande vidogo imenichukua jioni nyingi, kwa kuwa kila safu inahitaji mstari mwembamba mweusi.

Tatizo ni kwamba kaburi hilo limeyatangulia mapigano kwa miaka 255. Je, niwaache wapanda farasi hawa wazito wawe uti wa mgongo wa jeshi, au niongeze wapiga mishale wepesi wa farasi, wakiwemo Wamalgal, watu wa Manchuria waliopigana upande wa Goguryeo? Mimi naelekea kwenye wepesi, kwa sababu Eulji Mundeok alimchosha adui kwa kurudi nyuma makusudi. Aliyewahi kuliunda jeshi hili, naomba anieleze aligawaje vikosi vyake.