Mrejesho: mpango wa mawasiliano ya chama cha wafugaji nyuki, Tabora

Wakuu, niliuliza tupangeje mawasiliano ya ndani na nje ya chama, wanachama wengi wakiwa Sikonge na Uyui. Tumeanza na ndani. Kamati ikipitisha bei ya asali, viongozi wa vikundi wanaipata kwanza, kisha wanachama kwa SMS isiyozidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa (ukizidisha unalipia mbili). Kesho yake ndipo redio na wanunuzi. Mnunuzi akiijua bei kabla ya mfugaji, uvumi hauzuiliki. Kundi la WhatsApp wanaandika viongozi tu. Wenye simu za vitochi (zisizo na WhatsApp) SMS inawatosha, na ubao upo ghalani. Msemaji ni mwenyekiti. Msimu wa kurina asali yuko porini, mtandao hakuna, basi katibu ana idhini ya maandishi kumjibu mwandishi wa habari siku hiyohiyo. Bajeti ya redio bado inabishaniwa.