Naomba ushauri: "kilemba" cha fremu ni malipo ya nini hasa?

Wakuu, habari za majukumu. Nimekuwa nikitembeza vitenge miaka mitatu, sasa nimepata fremu ndogo Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Kodi ni laki nane kwa mwezi, inalipwa miezi sita. Hapo sina neno.

Shida ni kwamba mpangaji anayetoka anadai kilemba cha milioni 12. Mimi kilemba ninachokijua ni kile cha mahari, anachopewa baba wa binti! Dalali ananiambia ni "bei ya kupisha", eti nanunua jina la duka na wateja waliozoea kuja pale. Lakini jamaa alikuwa anauza viatu, mimi nauza vitenge. Wateja gani hao? Anachoniachia ni shelfu mbili, kabati la kioo lililopasuka kona, na taa.

Naomba kueleweshwa na wenye uzoefu. Mwenye nyumba anatakiwa kuhusishwa, au ni makubaliano yetu wapangaji tu? Maana mkataba wa pango nitasaini naye, na kwenye rasimu niliyoonyeshwa neno kilemba halimo kabisa. Akinitoa baada ya miezi sita, hela yangu naidai kwa nani? Na ile kodi ya zuio ya 10% ninayokata kwenye pango kupeleka TRA, inagusa na kilemba?

Dalali anataka jibu Ijumaa. Risiti anasema "hatunaga".