Muvi za zamani na za sasa: nani kamzidi mwenzake?

Nahodha77 (mtoa mada)
Wakuu, mimi si mchambuzi, ni mtazamaji wa kochi tu. Nimechanganya za kale na za karibuni, hukumu zangu hizi hapa.

Jurassic Park (1993): dinosaria wake wanatisha hadi leo, hawa wa kompyuta wa siku hizi ni vikaragosi. Jaws (1975): papa haonekani sawasawa mpaka dakika ya 80 hivi, na utamu wake ndio huo. Seven Samurai (1954): heshima kwa wazee, lakini dakika 207! Ikatwe saa nzima na hakuna atakayeuliza. Mad Max: Fury Road (2015): vumbi na kelele, jicho halina pa kutua. Oppenheimer (2023): saa 3 za watu wenye suti wakinong'onezana.

Kwa ujumla zamani walijua kazi. Mpya nyingi zina ule mwendo wa kuteleza kama tamthilia ya TV. Na mtu mzima anayewasha manukuu (yale maandishi ya chini ya picha) kwenye muvi ya lugha anayoielewa, ajitafakari.

Tausi
Ajitafakari nini? Umelalamika mwenyewe kwamba wananong'onezana, halafu anayesoma ndiye mwenye kasoro. Neno linatofautishwa na "s", "f", "t", "k", na sauti hizo zinakaa juu, kuanzia hezi 2,000 kwenda mbele. TV nyembamba spika zake zinatazama chini au ukutani. Besi inapinda kona, "s" haipindi. Inagonga meza kwanza ndiyo ikufikie, imeshachakaa. Masikio hayahusiki hapo.

Mchokozi
Dada povu la nini, kasema ajitafakari, hakusema afungwe.

Tausi
Mchokozi, kila uzi upo na kila uzi huna hoja.

fundi_spika
Mnazunguka. Muvi inachanganywa sauti ndani ya ukumbi uliopimwa: kila spika ya mbele inawekwa desibeli 85 kwa sauti ya kipimo, na mlipuko unaruhusiwa kupanda mpaka 105. Nyumbani unashusha ili mlipuko usiamshe watu, na mazungumzo nayo yanashuka kwa kiasi kile kile, yanazama chini ya kelele za kawaida za chumba. Tatizo ni umbali kati ya sauti ndogo na kubwa.

Kama una spika za TV peke yake, ingia kwenye orodha ya sauti ya muvi yenyewe uchague stereo (ya spika mbili) badala ya 5.1 (ya spika nyingi kuzunguka chumba). Ikiwa ipo 5.1 tu, washa hali ya usiku, inabana huo umbali. Mwenye spika tano, maneno karibu yote yanatoka kwenye spika ya kati: ipandishe desibeli 2 hadi 4 na usiguse nyingine. Watu wanakosea wanapopandisha 8 kwa hasira, maneno yanabanduka kutoka kwenye tukio, unasikia kama msomaji wa habari amekaa mbele ya muvi.

Oppenheimer ni kesi ya peke yake. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, anapendelea sauti iliyonaswa pale pale kwenye tukio kuliko waigizaji kurudia maneno studio, na kamera za IMAX, zile za filamu kubwa, zinanguruma. Malalamiko kwenye muvi zake yalianza zamani: Interstellar (2014) yalikuwepo, Tenet (2020) yakazidi. Kwa hiyo Tausi ana haki nusu.

Tausi
Nusu ipi hiyo nisiyokuwa nayo?

Kisimba
Mmekimbilia spika wakati mtu ametukana Seven Samurai. Mtoa mada, ikatwe saa ipi? Taja dakika. Kambei, kiongozi wa samurai wanaolinda kijiji dhidi ya majambazi, anachora ramani yake: huku uzio, huku mashamba yajazwe maji, daraja livunjwe, kaskazini paachwe wazi kusudi. Majambazi ni 40, amewachora kama viduara kwenye karatasi, akifa mmoja anafutwa. Ndiyo maana mvua inapomwagika kwenye pigano la mwisho, matope kila mahali, bado unajua anayekuja ametokea wapi na wamebaki wangapi. Muvi nyingi za sasa zinaruka hiyo kazi, kisha zinafidia kwa kutikisa kamera.

Nahodha77
"Ametukana" ni kukuza mambo, ndugu. Nimetanguliza heshima kwa wazee.

Kisimba
Dakika.

lenzi_pana
Kwenye Fury Road mtoa mada amegonga mlango usio wake. Mikato ni kama 2,700 ndani ya dakika 120, wastani haufiki sekunde 3. Lakini mwongozaji, George Miller, alitaka kitu cha kutazamwa kikae katikati ya fremu, ili mhariri wake, Margaret Sixel, akikata, jicho libaki pale pale. Kinachochosha ni muvi yenye mikato michache zaidi, ila uso uko pembeni kushoto, mkato, ngumi iko chini kulia. Ubongo unatumia nusu ya mkato kutafuta. Jipime: bandika karatasi ya ukubwa wa ukucha katikati ya kioo, usihamishe macho dakika 5. Fury Road utaifuata. Kisha jaribu muvi yoyote ya ngumi.

Mchokozi
Na Jurassic si ilikuwa kompyuta mwanzo mwisho? Nilisoma mahali.

lenzi_pana
Hiyo ni chai. Dinosaria wanaonekana kama dakika 15 tu muvi nzima, na za kompyuta kati ya hizo ni kama 6. Zinazobaki ni mitambo ya timu ya Stan Winston. T. rex mkubwa alivishwa ngozi ya povu la mpira, mvua ya tukio ikamlowesha, uzito ukapita kile mitambo ilichopangiwa, akawa anatetemeka mwenyewe. Ikabidi akaushwe kwa taulo katikati ya kazi. Yule wa kompyuta akawekwa usiku ule ule wa mvua, mahali ambapo kingo za picha hazichunguziki.

Papa wa Jaws naye ni mtambo ulioharibika kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg akalazimika kumficha. Kwa hiyo "zamani walijua kazi" ni kweli, ila mara nyingine vifaa viligoma na wakajua la kufanya.

Tausi
Yaani mtambo ukigoma ni ubingwa, mtu akiwasha manukuu ni aibu. Sawa.

bi_rimoti
Mbona hakuna aliyegusa ule mwendo wa kuteleza? Huo hautoki kwenye muvi. Muvi ni fremu 24 kwa sekunde, TV inabuni fremu za kati zijaze nafasi, basi kila kitu kinateleza. Samsung inaitwa Auto Motion Plus (kwenye TV zake mpya Picture Clarity), LG TruMotion, Sony Motionflow. Zima, au chagua Filmmaker Mode, hali ya picha inayozima hayo yenyewe, kama TV yako inayo. Tom Cruise mwenyewe mwaka 2018 alirekodi video kuwasihi watu wazime.

Nahodha77
Hiyo nilishazima, msinifanye mtoto. Na ndiyo maana za zamani ziko sawa kabisa. Mpya ndizo mbovu.

fundi_spika
Hapo hapo umejitaja, mkuu. TV nyingi zina mipangilio ya picha tofauti kwa kila aina ya mawimbi. Ulizima ukiwa unatazama muvi ya kawaida, na za zamani nyingi zinakuja hivyo. Muvi mpya ikija na HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), TV inahamia kwenye mipangilio mingine ambayo hujawahi kuigusa, ikiwa bado ya kiwandani.

Cheza muvi mpya kwanza, subiri alama ya HDR itokee kwenye kona, ndipo ufungue mipangilio ya picha *ikiwa inaendelea kucheza*. Shusha mwendo mpaka 0, kwenye baadhi ya TV ni vijiti viwili, vyote viwili. Ukifungua menyu muvi haichezi, unarekebisha mipangilio ile ile ya kwanza na utaapa kwamba ushauri ni wa uongo.

Mchokozi
Na Dolby Vision?

bi_rimoti
Hiyo ni aina nyingine ya HDR, mara nyingi ina mipangilio yake ya tatu. Rudia hatua zile zile. Na kila tundu la HDMI uliangalie, kuna TV zinazotunza kwa tundu.

Tausi
Kwa hiyo mtu aliyetuambia tujitafakari ametoa hukumu ya miaka 70 ya sinema kwa TV yenye mipangilio ya dukani.

Nahodha77
Nimejaribu. Tofauti ipo, nakubali, na la manukuu nalifuta. Ila ile saa moja bado ingekatwa.

Kisimba
Kuanzia dakika ya ngapi hadi ya ngapi?