Kuwapeleka watoto kwenye uwanja wa barafu London mwezi wa Disemba

Mama wa Chake Chake
Assalaam alaykum. Inshaallah tutakuwa London kwa dada yangu skuli zitakapofungwa. Watoto wangu, mmoja wa miaka tisa na mwengine mitano, wameona picha za uwanja wa kuteleza juu ya barafu unaowekwa kila msimu wa baridi katika ua wa jumba la Somerset House, na sasa hawana jengine wanalolizungumza. Barafu waijuayo ni ile ya ubuyu inayouzwa mlangoni mwa skuli, nami sijawahi kuikanyaga, tena huvaa buibui. Naomba waliokwishakwenda wanieleze: huyu mdogo ataweza, tuvae nini, na tuende wakati gani ili sala zisitupite?

Mkaazi wa Ilford
Waalaykum salaam, dada yangu. La kulishughulikia mwanzo ni viatu vya kutelezea, vile vyenye chuma chini ya soli, kwani watoto wengi wanaolia pale huwa hawalii kwa kuanguka bali kwa kuumwa na miguu. Huna haja ya kununua. Huazimwa hapo hapo na kwa kawaida bei yake imo ndani ya tiketi. Mfunge mtoto kamba wewe mwenyewe, na uhakikishe kwamba kiatu kimekamata kisigino na kifundo barabara, kwa sababu kikilegea kifundo hulala upande na hata mtoto hodari hawezi kusimama. Usimvishe soksi mbili kwa khofu ya baridi, maana hukunjana na kumchubua. Moja ndefu, inayopita ukingo wa kiatu, inatosha. Glavu usiziache hata siku ikiwa na jua: anayeanguka hutanguliza mikono, na vyuma vya viatu vya wengine vina makali. Mfundishe nyumbani kwamba akianguka akunje vidole, apige magoti, kisha asimamishe mguu mmoja baada ya mwengine.

Ama buibui, nakusihi usiingie nalo, kwani pindo likinaswa na chuma litakuangusha wewe na uliyemshika. Suruali pana na koti linalofika magotini vinasitiri vizuri, na mtandio uuchomeke ndani ya koti.

Baba Wawili, Mbweni
Nami naongezea juu ya wakati. Katikati ya Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi za jioni, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa karibu mno, kwa hiyo kata tiketi ya asubuhi, saa nne au saa tano. Tiketi huwa za saa maalumu na siku za sikukuu hujaa mapema. Asubuhi barafu nayo huwa laini zaidi, haijachimbwa na watu. Baadaye hupita mashine, aina aliyoibuni Frank Zamboni huko California mwaka 1949, ikakwangua uso wa barafu na kuumwagia maji ya moto yanayoganda upya. Waachie watoto nafasi ya kuitazama. Mkubwa huenda akauliza kwa nini barafu haiyayuki na hali mchana hufika nyuzi nane hivi. Mwambie kwamba chini yake mna mabomba yenye majimaji yaliyopozwa chini ya sifuri, na ndiyo maana mvua ikinyesha maji hutuama juu. Kwa sababu hiyo usiwavishe jinzi. Chukua suruali isiyopenya maji na nguo za kubadilisha. Ukishaingia, washike mikono, mmoja kila upande.

Bi Shangazi wa Wete
Ya wakati na mavazi nakubaliana nayo, lakini la kuwashika wote wawili siliafiki hata kidogo. Mtu asiyejua kuteleza akishika watoto wawili huanguka nao wote, na uzito wa mtu mzima ndio unaomuumiza mtoto. Mdogo mwazimie pengwini, kile kifaa anachokisukuma huku akikishikilia; hulipiwa mbali na huwa vichache, basi kiombe pamoja na tiketi. Mkubwa aanzie ukingoni, akunje magoti na kuinama mbele kidogo, na dada yako awe naye. Wote wawili wavishe kofia ngumu za baiskeli. Wewe kaa na mdogo peke yake, na akitaka kutoka mapema mtoe, hata kama muda mliolipia haujesha.