Tupeane uzoefu: hoki ya barafuni ya watu wazima, ulijuaje uko daraja gani?

Wakuu, habari za jumapili. Nipo Edmonton, Kanada, na ligi za watu wazima zinaandikisha. Fomu zinataka ujipange mwenyewe, kuanzia A ya waliokulia kwenye ushindani hadi D ya wanaoanza. Swali la kwanza huwa ni miaka uliyocheza, nalo halitusaidii sisi tuliovaa viatu vya barafu ukubwani.

Kipimo changu ni kusimama. Kwenda mbele kila mtu atajua. Kusimama ghafla, ukiilaza miguu ubavu hadi unga wa barafu uruke, wengi tunaweza upande mmoja tu. Mchezo ukigeukia upande wako mbovu, unazunguka duara zima huku wenzako washafika golini. Halafu jiangalie ukirudi kinyumenyume, na ukipokea pasi: macho yako kwa wachezaji au yameganda kwenye gongo? Ukiviweza vyote jaza C. Kimoja kikigoma, D inakutosha. Wengine mlijipimaje?

Mdau wa Nairobi: Mkuu, hapo kwenye kusimama umegusa penyewe. Sisi tunaojifunzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, wengi tumetokea kwenye viatu vya magurudumu. Mbio tunazo, ila gurudumu halikwangui lami kama chuma kinavyokwangua barafu, hivyo mtu akikimbia utasema C, akitaka kusimama ni D. Tena uwanja wetu ni mdogo, unakufundisha mikono ya haraka lakini haukupimi pumzi. Binamu yangu alihamia Minnesota akakuta uwanja wa urefu wa mita kama 61, na zamu ya sekunde 45 (muda wa kucheza kabla ya kupokelewa na mwenzako) ikammaliza. Tangu Kenya iingie shirikisho la kimataifa mwaka 2024 vijana wananiuliza sana habari hizi. Nawaambia wajipime kwenye uwanja kamili kwanza.

Dada kipa, Ottawa: Makipa mmetusahau! Sisi tunapimwa kwa kusogea ubavu bila kuachia mwanya katikati ya miguu, na kwa kuinuka upesi baada ya kupiga magoti. Kwa kuwa makipa ni adimu, timu za juu zitakubembeleza. Mimi nilikataa. Mashuti ya kule yanakupita hujayaona, na usichokiona hujifunzi kukizuia.

Mratibu wa ligi: Wanaojishusha ndio wananiumiza. Mtu kacheza tangu utotoni, anajaza D apate kikombe. Ligi hizi haziruhusu kugongana miili ili anayeanza acheze bila hofu, sasa huyo anamnyima hata nafasi ya kuugusa mchezo. Kama huna uhakika, njoo kwenye mazoezi ya upangaji kabla ya msimu, tukuone.

Mleta uzi: Asante sana mratibu. Nyongeza: nenda katazame mechi moja ya D usiku, kisha moja ya C, ndipo ujaze fomu. Wadau wa Finland na Sweden, huko mnapangwaje?