Gemu za safari za anga kwenye Mac: tudai toleo asilia au tafsiri inatosha?

Mleta mada
Wakuu, tuamue. Wapo wanaosema studio ikishatoa gemu ya anga kwa Windows imemaliza kazi, mwenye Mac ajipange na CrossOver, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Mac. Mimi nasema hapana, tudai toleo lililoandikwa kwa ajili ya Mac. Tazameni Elite Dangerous. Ilifika Mac mwaka 2015, lakini Horizons, nyongeza ya kutua kwenye sayari, haikufika. Ilihitaji sheda za kukokotoa, yaani programu ndogo zinazofanya hesabu kwenye kichakataji cha picha (GPU). Sheda hizo zilianza na toleo la 4.3 la OpenGL, mfumo wa kuchora picha, na Apple iliishia 4.1. Desemba 2018 toleo la Mac likaondolewa kabisa.

Obiti70
Mkuu, mfano huo unakupinga. Kilichokufa ni toleo asilia, la Windows lingali hai. Chukua Kerbal Space Program, gemu ya kujenga na kurusha roketi: hata toleo lake la Mac limeandikwa kwa Intel, kwa hiyo kwenye chipu za M za Apple linapita Rosetta 2, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel, na linachezeka vizuri. Yanayowakwamisha watu ni mengine kabisa.

Kwanza, ukifungua zipu na kubofya gemu papo hapo, macOS inaweza kuiendeshea mahali pa siri pasipoandikika. Gemu inakosa folda ya GameData iliyo kando yake, inakwama kwenye kupakia. Hamisha folda nzima, usitoe programu peke yake, kisha kwenye Terminal andika `xattr -dr com.apple.quarantine` ikifuatiwa na njia ya folda hiyo.

Pili, F5 ya kuhifadhi na F9 ya kurudi ulipohifadhi zinamezwa na kazi maalumu za vitufe hivyo kwenye Mac. Shikilia Fn, au ubadilishe kwenye mipangilio ya kibodi. Palipoandikwa Alt, bonyeza Option.

Tatu, fizikia ya chombo kimoja huelemea kiini kimoja cha kichakataji. Roketi ya vipande mia tatu na ushee itageuza saa ya gemu kuwa ya njano, yaani gemu inashindwa kwenda na muda halisi, hata kwenye mashine ya bei mbaya. Shusha kipimo cha muda wa fizikia kwa fremu hadi 0.03: picha italainika, ila muda wa gemu utakwenda polepole. Dawa ya kweli ni kupunguza vipande. Kufika obiti ya Kerbin, sayari ya nyumbani ya gemu hiyo, kunataka mabadiliko ya kasi ya kama mita 3,400 kwa sekunde tu, na hewa inaishia kilomita 70. Minara mingi inayojengwa haihitajiki.

Sheda
Nakubaliana na Obiti70 kuhusu Kerbal, lakini hiyo ni gemu nyepesi kwa GPU. Ugumu wa anga ni umbali. Kerbin iko mita bilioni 13.6 kutoka kwenye jua lake. Namba ya desimali ya biti 32 ikifika huko, hatua yake ndogo kabisa ni mita 1,024. Huwezi hata kuunganisha vyombo viwili. Ya biti 64 hatua yake ni kama sehemu mbili za milioni za mita, yaani mikromita mbili. Sasa, lugha ya sheda ya Metal, mfumo wa picha wa Apple, haina kabisa namba za biti 64 za desimali. Studio inayoandika kwa Mac inajua hilo tangu mwanzo: hesabu za obiti zinabaki kwenye kichakataji, na GPU inapewa umbali kutoka kwenye kamera tu. Gemu ya Windows iliyotegemea namba hizo ndani ya sheda, itabidi mtafsiri aziigize kwa njia nyingine, na kasi itaporomoka. Au itagoma.

Obiti70
Zinazofanya hivyo ni chache, ndugu yangu. Nyingi zinaenda: kwenye CrossOver tengeneza chupa (mazingira ya Windows yaliyotengwa) ya Windows 10 ya biti 64, weka Steam ndani yake, washa D3DMetal, kitafsiri cha kupeleka picha kwenye Metal, kwa gemu zinazotumia DirectX 11 au 12, mfumo wa picha wa Windows. Safari ya kwanza itakwamakwama kwa sababu sheda zinatafsiriwa. Usihukumu kabla ya kurudia eneo lile lile.

Sheda
Na Rosetta je? Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba itabaki kamili hadi macOS 27, kisha ibakizwe sehemu kwa ajili ya gemu za zamani zisizotunzwa tena. Programu za Windows za Intel ndani ya CrossOver nazo zinaiegemea. Huo mwavuli unafungwa.

Mleta mada
Hapo Obiti70 amenisogeza kidogo: jina la “toleo la Mac” halitoshi. Nirekebishe dai langu. Studio iseme kabla ya kuuza kama ni ya Apple Silicon (chipu za M) au ya Intel. Kwa uliyonayo tayari, fungua Activity Monitor gemu ikiwa inaendeshwa, utazame safu ya Kind. Ikiandika Intel, usisasishe macOS kupita 27 kabla hujathibitisha kwamba gemu yako imo kwenye ile sehemu itakayobakizwa.